Pipa Ambalo Halikusimama

Kwa nini pipa la kwanza halikusimama?

Safi aliliandika swali hilo kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, nje ya chumba ambamo tume ya bandari ya Kindu ilikuwa ikimhoji kaka yake. Alikuwa amekuja mbio kutoka chuo kikuu cha Kisangani, na sasa hesabu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza ilikuwa ikimshinda.

Desturi ya wapakizi wa Kindu aliijua tangu utotoni. Pipa la mawese hulazwa juu ya mteremko, likazuiwa kwa kabari. Jingine husubiri chini, mbele ya boti. Kabari ikiondolewa, la juu hubingirika, huligonga la chini, na kusimama papo hapo. La chini ndilo huondoka, likaingia botini.

Siku ya msiba, kaka yake, Kasimu, aliondoa kabari. Pipa likashuka, likagonga, wala halikusimama. Waziri, msimamizi wao, alikuwa tayari amejongea kuliongoza lile la chini, kama ilivyo desturi. Pipa la juu likambana kwenye ubavu wa boti, akafa.

Jana yake Kasimu na Waziri walikuwa wamegombana mbele ya watu. Tume ikasema: alilisukuma kwa hasira, alikusudia kuua. Hukumu ingesomwa adhuhuri hiyo.

Safi alizidisha mwendo mara mbili, kana kwamba Kasimu alisukuma kweli. Jibu: pipa la kwanza linasimama. Akazidisha mara kumi. Linasimama. Kwa hesabu zake, Waziri alikuwa hai.

"Acha hizo, mutoto wangu," alisema baba yao, Mzee Mbaraka, ambaye lori lake huleta mawese kutoka upande wa Kampene, kwenye machimbo ya bati. Siku ileile ya msiba alilibeba lile pipa la juu kwa lori hilo hadi nyumbani, asitake mpakizi yeyote aliguse. Watu walisema ni uchungu. "Ingia, uwalilie. Muntu akilia, wanamuonea huruma."

"Baba, hawataki machozi. Wanataka sababu."

"Sababu!" Mzee alijifunika uso. "Mutoto wangu anyongwe, na kwa pipa ya baba yake mwenyewe!"

Safi alimwonea huruma, akainama tena. Alifuta kila kitu, akaanza na mstari wa kwanza kabisa, ule ambao mwanafunzi haukagui kwa sababu anadhani anaujua: uzito wa pipa la juu ni sawa na uzito wa pipa la chini.

Kidole chake kilikwama hapo. Kitu kizito hakishuki haraka kuliko chepesi; kwa macho, Kasimu asingeona tofauti yoyote. Lakini penye mgongano?

Akaifuta alama ya usawa. Hesabu ikakubali mara moja: la juu likiwa zito zaidi, halisimami.

Mlango ulifunguliwa. Okito, mwenyekiti wa tume, aliitazama sakafu iliyojaa chaki.

"Citoyenne, dada mwananchi, hapa si Kisangani. Ile mapipa yetu haikusoma masomo." Wenzake wakacheka. "Uko na neno, ao tusome hukumu?"

Nyuma yake, kati ya askari wawili, Kasimu alimkodolea dada yake macho kama mtu anayezama. Mzee Mbaraka alimshika Safi mkono kwa nguvu.

"Lia, mama," alimnong'oneza. "Nakuomba. Lia tu."

Safi aliutoa mkono wake polepole.

"Kaka yangu hakusukuma kitu," alisema. "Pipa lile halikuwa na mawese. Lilikuwa na mawe ya madini ya bati, ya magendo, mazito kuliko mawese. Mwachieni Kasimu. Nitawapeleka mimi mwenyewe kwenye ghala la nyumbani kwetu, na baba atatufungulia."