Unyevu Nyuma ya Kitanda

Kwenye kuta nyingine zote sindano ya kipimo cha unyevu ilisoma asilimia kumi na mbili. Nyuma ya kitanda cha mama mkwe ilizama kama kwenye siagi, ikasoma thelathini na nane.

"Hapa pameoza, dada," alisema Fundi Robota.

Mkaza mwana alisogea, akaubonyeza ukuta. Nyumba hii ya marobota ya mabua aliijenga kwa mikono yake kwenye kiwanja cha mama mkwe. Robota likioza linaambukiza jingine, na robota ndilo lililobeba paa.

"Mvua?"

"Paa zima, msingi mkavu. Maji yanatoka humu ndani."

"Humu hata bomba hakuna! Mama tangu apate kiharusi hatoki kitandani. Hasemi, kabakiwa na mkono mmoja. Mimi ndiye namwogesha, mimi namtilia dawa kwenye uji asubuhi na jioni."

"Mungu akulipe. Mke wangu mimi, mamangu hata salamu hampi."

Walipovuta kitanda, bibi alimdaka fundi shati, akang'ang'ania. Fundi alicheka. "Usiogope, bibi, ukuta haukuangukii." Akambandua kidole kimoja kimoja.

Ukutani, nyuma ya godoro, palikuwa na tundu la upana wa vidole viwili, limechokonolewa kwa mpini wa kijiko. Fundi alibomoa lipu ya chokaa. Mabua yalitoka meusi, yananuka uchachu, yamegandamana na uji. Katikati yake walilala panya watano, wakavu, miguu juu.

"Lo! Kumbe bibi anamwaga uji! Wewe unahangaika jikoni, yeye anawaandalia panya karamu. Wamekula mpaka wamevimbiwa."

Mkaza mwana hakucheka. Aliagiza mabua yote mabovu yatolewe, tundu lizibwe, lipu mpya ipigwe, na kitanda kiwekwe katikati ya chumba, mbali na kuta zote. Fundi alifanya kazi safi, akaaga mchana.

Hapo mkaza mwana aliingia jikoni, akapika uji mwingine, akatia dawa mara mbili ya kawaida. Miezi miwili mizima alikuwa akishangaa kikongwe huyu hafi.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaukalia ule mkono mzima.

"Leo nipo, mama," alisema kwa upole, akambana pua, akangoja mdomo ufunguke.