Nyamaza

Juu ya meza ya walimu kulikuwa na maboksi mawili, na shule ilikuwa na uwezo wa kununua moja tu. La kwanza lilijaa kadi za nyuso, ili wanafunzi wajifunze kutaja huzuni na hofu. La pili lilikuwa na mwanasesere wa kitambaa wa kunong'onezwa siri. Walimu wote walijua kwa nini wamekaa hapo. Wiki iliyopita walimzika Shomvi wa darasa la tano, aliyejitupa kisimani bila kumwambia mtu.

"Tuanze na ninyi, walimu," alisema wakala aliyekuja kuyauza maboksi hayo. "Mtoto akija kwako analia, unamwambia nini?"

"Nyamaza!" waliitikia kwa pamoja, kama darasa, kisha wakatazamana.

Mwalimu Kidawa aliitikia pia. Neno tamu, la kubembelezea. Mama yake alimlea nalo. Ndilo Kidawa alilompa Shomvi siku mtoto huyo alipomjia mlangoni akilia, huku akimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Naye Shomvi akanyamaza.

Mara kilio kikapenya kutoka uani. Kidawa aliinuka kabla ya wenzake, akatoka mbio. Nyuma ya darasa alimkuta binti mdogo amejikunyata ukutani. Akachuchumaa mbele yake, akafungua mdomo amuulize kilichomliza.

Mtoto akawahi kujiziba kinywa kwa mikono yote miwili.

"Nimeshanyamaza, mwalimu," alisema kati ya vidole, na mabega yake yakaendelea kutetemeka.