Mchoro wa Begimai

"Nani mwingine aliona kitu kama hiki?" Mwalimu Sagyn aliinua karatasi juu.

Ulikuwa mchoro wa penseli: kiini hafifu, mikono miwili iliyojipinda kukizunguka kama pembe za kondoo dume, na kwenye ncha ya mkono mmoja, nukta ya nyota.

Wiki iliyopita darubini ya shule ilitolewa uwanjani, wanafunzi wakaja na watu wa nyumbani kwao kutazama na kuchora galaksi moja iliyofifia sana katika kundinyota la Samaki. Sagyn aliwaonya wote: msiikodolee macho, itawapotea, tazameni kando yake kidogo. Hata hivyo wengi waliambulia kiwingu, kama pumzi iliyoganda kwenye kioo. Yeye mwenyewe alikuwa ameitafuta hiyo mikono majira matatu ya baridi, asiione.

"Begimai, simama. Haya uliyaona kwa macho yako?"

Msichana akainamisha kichwa. "Hapana, Mwalimu."

"Ulinakili kitabuni?"

"Hapana."

"Hukuona, hukunakili. Basi uliota!"

Darasa likaangua kicheko. Masikio ya Begimai yaliiva, lakini hakujitetea. Sagyn akafungua kitabu chenye picha ya galaksi ile.

"Hata kuiba hujui! Hii nyota umeitoa wapi? Humu haimo."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika katikati ya mchoro: WIZI.

Siku tatu baadaye alipigiwa simu na rafiki yake anayefundisha chuo kikuu mjini Bishkek.

"Umesikia, ndugu yangu? Kwenye ile galaksi yako unayoihangaikia kuna nyota imelipuka! Yaelekea ni tangu wiki iliyopita. Nakutumia picha."

Picha ilipofika, Sagyn aliuchomoa mchoro kwenye rundo la madaftari, akaviweka ubavu kwa ubavu. Nyota ilikuwa palepale, kwenye ncha ya mkono.

Kitabu hakingeweza kuwa na nyota ile. Mtoto alisema kweli kwa penseli, kisha akaikana kwa kumwogopa yeye. Na lililomchoma kuliko yote alilijua yeye peke yake: siku ile hakukasirishwa na wizi. Aliona kijicho.

Jumamosi mchana alipita thelujini hadi kwa akina Begimai, na pakiti ya chai mkononi. Bibi wa msichana, Kalipa, mtengenezaji wa mazulia aliyemlea tangu utotoni, alikuwa ameketi karibu na jiko la kuni.

"Karibu, mwanangu, keti," alisema, lakini uso wake ulibaki umelielekea jiko.

Begimai akamimina chai ya maziwa, akasogeza mkate na malai. Sagyn hakugusa kitu. Alivua kofia yake, akaikunjakunja magotini.

"Bibi, nimemdhalilisha mjukuu wako mbele ya wenzake. Mchoro wake ulikuwa wa kweli, mimi ndiye niliyekosea. Jumatatu nitamwomba radhi mbele ya darasa lilelile. Leo nimekuja kukuomba wewe."

Bibi Kalipa alitikisa kichwa polepole. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa yametua kwenye kimlango cha jiko, kana kwamba mgeni hayupo. Sagyn aliinama zaidi. Ana haki, aliwaza. Mtu kama mimi, nani atataka kumtazama usoni?

Akamgeukia msichana. "Lakini kwa nini ulikana, binti yangu?"

"Sikukana, Mwalimu. Mimi niliona kiwingu tu, kama wenzangu." Begimai alimtupia bibi jicho la kuomba ruhusa. "Nilishika penseli. Bibi ndiye aliyekuwa akinieleza. Niliogopa kumtaja, wangemcheka."

Sagyn akainua kichwa. "Bibi? Wewe uliiona mikono?"

"Mmoja mnene, mmoja mwembamba, na kile kinyota kwenye ncha. Nikashangaa nyinyi wenye macho mnanung'unika nini."

"Wenye macho?"

"Mwaka wa pili huu, mwanangu. Chochote ninachokikazia macho kinageuka shimo jeusi. Hata uso wa huyu mjukuu wangu nimeshaupoteza nikiutazama. Nimebakiwa na kandokando tu." Bibi Kalipa akatabasamu, uso ukiwa bado umelielekea jiko. "Haya, iache hiyo kofia, unywe chai. Tangu uingie sijakuondolea macho."