Kapu Jekundu

“Kapu lina rangi ga—”

“Jekundu,” Sila alijibu kabla mama yake hajamaliza kuuliza.

Dainess alikuwa amepiga magoti mbele ya mwanawe, akimtazama usoni kama anayetafuta kibanzi jichoni. Kila asubuhi, kabla ya vidonge, alimwuliza kuhusu picha ileile ya kalenda ya ukutani.

Muuguzi alimwonya wazi: dawa hii ya kifua kikuu sugu inaweza kuharibu mishipa ya macho. Rangi nyekundu ndiyo hutangulia kufifia. Ikififia tu, dawa isimame na mtoto arudi wodini kule Njombe, alikokaa miezi bila kumwona mdogo wake.

Miguu ilishaguswa na dawa hiyo. Sila, mtoto wa miaka minane, alikuwa akilia kwamba nyayo zinawaka, na Dainess hakuwa na la kufanya ila kuzipepea kwa kanga. Dawa ikiachwa, kifua kinammaliza. Ikiendelea, inamla kidogo kidogo.

“Mama, nikijibu vizuri sirudi wodini?”

“Hurudi, baba.”

Simu iliita. Muuguzi Oktavia, kama kawaida yake. Dainess akaweka spika.

“Mama Sila, mmeamkaje huko Lyamkena? Mvua imewaacha?”

“Wapi! Imepenya ukutani jana kutwa. Kila kitu nimekishusha, kinakauka jikoni. Tunanuka moshi hapa, utadhani samaki wa Manda.”

“Poleni jamani. Na kijana wangu? Sila, hebu niambie, unaona nini kwenye kalenda?”

Sila alinyoosha mkono, kidole mbele.

“Kapu jekundu. Maparachichi manne. Na yule mama amejifunga kilemba cha bluu.”

“Huyo ana macho ya mwewe!” Oktavia alicheka. “Mpe dozi yake yote, Mama Sila. Tutaonana siku ya kliniki.”

Dainess alishusha pumzi. Akamwekea vidonge kiganjani, akamshikia kikombe cha uji. Sila alimeza, akapanua kinywa kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki chini ya ulimi, kisha akatabasamu kwa majivuno.

“Na kilemba kina maua meupe,” aliongeza, akielekeza kidole tena palepale.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Dainess aligeuka kukifuata kidole hicho.

Ukutani palikuwa na msumari tu.