Sikio la Mtoto wa Digidigi

Hapo zamani, kabla wanyama hawajatuambukiza maradhi ya kupenda sura zetu, Kindi alikuwa mchoraji, na brashi yake ilikuwa mkia wake mwenyewe. Picha yake ya kwanza alimchora Fisi kama alivyo, akapigwa mpaka akahama mtaa. Tangu hapo akashika adabu. Katika picha akamnyoosha Fisi mgongo, akamwondolea Ngiri chunjua zote usoni, na wateja wakapanga foleni.

Siku moja Digidigi alimleta mwanawe, ambaye sikio lake moja lilikuwa limechanwa na mwiba. Kindi alimchora juu ya gome la mti, masikio yote mawili mazima, bila kuuliza.

Masika yalipofika, mto ulifurika ukamchukua yule mtoto. Digidigi akarudi na picha.

"Fundi, huyu simjui. Nichanie lile sikio, nimwone mwanangu."

"Pole sana, mama. Hiyo kazi ndogo tu." Kindi akachovya mkia kwenye udongo, akauinua, akasita. "Samahani, lilikuwa la kulia au la kushoto?"

"Si ulimkodolea macho kutwa nzima?"

"Nilikuwa natazama atakavyopendeza, mama."

Digidigi aliinamia picha, akaanza kulilamba sikio la kushoto polepole, kama alivyozoea kumlamba mwanawe kila asubuhi, mpaka rangi ikatoka na gome likabaki tupu.

Akaitazama ile picha.

"Haya, baba," akasema, "twende nyumbani."