Anga la Zambarau

Gibson alifungua gemu, akatazama anga mara moja tu, akaizima. "Buluu tena!" alisema, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa.

Gemu yenyewe ni Mruka Milima, ile ya kanda ambayo watoto wa Voi waliipigania miaka ya tisini. Tangu hapo imetolewa upya kwa kila mashine inayozuka, na sasa hata kwenye simu. Kila mara wenye gemu huapa kwamba hawakugusa kitu, na kila mara Gibson huwakamata. Mruka Milima aliyoijua yeye ilikuwa na anga la zambarau na nyasi za kahawia, kama za Tsavo wakati wa kiangazi. Aliliona anga hilo kwa macho yake, sebuleni kwa mama yake mtaa wa Sofia, kwenye TV ambayo baba yake aliinunua hoteli moja ilipofungwa. TV ile haikuwahi kushika chaneli hata moja. Kazi yake ilikuwa gemu tu.

Aliyethubutu kumpinga ni mmoja, Mohammed, rafiki yake tangu darasa la kwanza, mwenye duka la simu karibu na stendi. "Kwetu ilikuwa buluu, Gibson. Wallahi."

"Yenu ilikuwa feki," Gibson alimjibu mbele ya wateja.

Neno hilo lilimchoma Mohammed, maana kanda ile alinunuliwa na marehemu baba yake. Wakanuniana. Idd ikaja, na kwa mara ya kwanza sahani ya pilau haikufika kwa Gibson. Ilimuuma kuliko alivyotaka kukiri, lakini angefanyaje? Ukweli ni ukweli.

Ugomvi akauhamishia mtandaoni. Aliwaandikia wenye gemu asubuhi na jioni, akitaka anga lirudishwe. Watu wakamuunga mkono kutoka pande zote za dunia, hata vijana waliozaliwa gemu ikiwa imeshazeeka. Kumbe nao waliikumbuka zambarau vizuri sana! Kampuni ikachoka. Mwaka huu ikatoa toleo jipya, "Halisi Kabisa", lenye anga la zambarau na nyasi za kahawia, pamoja na shukrani kwa "Bwana Gibson wa Voi, aliyekumbuka tulichosahau sisi wenyewe."

Mohammed alizisoma shukrani hizo, akapiga simu. "Nimekosa, ndugu yangu. Niambie nije wapi nikuombe radhi."

Gibson angeweza kusema yaishe. Badala yake akachagua mahali. "Kwa mama. Pale pale tulipochezea."

Jumapili Mohammed akafika na sufuria ya pilau. Mama yake Gibson, Tryphena, alitokwa na machozi ya furaha kuwaona tena kwenye kochi moja.

Mohammed akakohoa. "Mama, nakiri mbele yako. Yetu ilikuwa feki. Marehemu baba, Mungu amrehemu, aliuziwa bila kujua." Gibson akampigapiga begani, kwa huruma ya mshindi.

"Basi yameisha, wanangu. Tuleni tukiangalia habari," mama alisema, akivuta kitambaa kilichofunika kitu pembeni. "Ile TV yangu bapa iliungua stima iliporudi kwa nguvu. Fundi amenifungia king'amuzi kwenye hii yenu ya zamani. Mimi nasikiliza tu, sauti yake haina shida."

Akabonyeza. Kioo kikawaka polepole. Akatokea mtangazaji, uso wa zambarau, na nyuma yake bendera ya Kenya: nyeusi, nyekundu na kahawia.

"Tufumbe macho tuombee chakula," Gibson alisema, akiwa ameshasimama mbele ya TV.

Mama akafumba. Mohammed hakufumba.