Fidla Iliyorudi Kiti cha Mwisho

Urho Lampela aliitambua fidla kabla ya kumtazama usoni binti aliyeishika. Pale pa kuegemezea kidevu palikuwa na doa jeusi. Doa hilo lilikuwa jasho lake yeye, la miaka ishirini na miwili.

"Kumbe wewe ndiye uliyekuwa nayo?" Saimi aliuliza. Alikuwa mpigaji mgeni, amekuja mji wa Turku kupiga konseto mpya, muziki wa fidla moja mbele ya okestra. Wakfu wa muziki ulikuwa umemwazima fidla hiyo mwaka uliopita.

"Mpaka bega lilipoanza kuniuma. Wakaichukua." Urho alikunja vidole, akavikunjua. "Tamasha la leo jioni ndilo langu la mwisho, nastaafu. Ningeomba niipige kidogo. Mistari miwili tu."

Saimi aliangalia chini. "Mkataba hauruhusu mtu mwingine kuipiga, mzee. Nisamehe."

"Basi, si neno."

Hakuwa na nguvu za kununa. Alirudi kwenye kiti chake kati ya wapiga fidla wa okestra, cha mwisho kabisa, karibu na ngoma.

Wakati wa kahawa alimsikia Saimi akimhoji Tarmo, kiongozi wa wapiga fidla.

"Uzi ukinikatikia jukwaani, hapa kwenu mnafanyaje?"

"Unachukua fidla yangu, mimi nachukua ya jirani. Yako inapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa anayekaa mwisho. Yeye anafunga uzi mpya na kuendelea nayo mpaka muziki uishe."

"Yule babu?"

"Huyo huyo. Usiogope, mikono yake bado ina akili. Miguu ndiyo inayolalamika."

"Na wakfu hawagombi?"

"Kwa dharura? Wagombe nini?"

Urho alimalizia kahawa yake iliyopoa. Hata hilo la kuishika kwa dharura, binti alikuwa ameanza kuliogopa.

Jioni ukumbi ulijaa. Katika sehemu ya kwanza fidla ilipambana na ngoma, kwa mlio kama wa barafu ya ziwani inapopasuka mwezi wa nne. Nywele za upinde wa Saimi zilikatika moja moja, zikapepea. Urho, aliyechoka hadi mifupani, alijikuta akiombea jambo la aibu: na uzi nao ukatike.

Haukukatika.

Sehemu ya pili ilikuwa sauti moja, ndefu, nyembamba kama pumzi juu ya kioo cha dirisha. Kisha Saimi alikuwa na kimya cha mapigo manane kabla ya sehemu ya tatu, ambapo wimbo wenyewe huchukuliwa na fidla za okestra, na mpigaji mgeni hushikilia noti moja tu hadi mwisho.

Katika kimya hicho Saimi aliishusha fidla, akainama juu yake. Alipoinuka alitikisa kichwa, akamgeukia Tarmo.

Mikono ilipokezana. Fidla aliyokuwa akiipiga Urho ilikwenda mbele. Ile nyingine ilirudi nyuma, kiti kwa kiti, ikamfikia ikiwa bado na joto la shavu la mtu. Uzi mmoja ulikuwa unaning'inia.

Alitoa uzi mpya mfukoni, akachana karatasi yake kwa meno, akaushika ule wa zamani ili autoe.

Ulikuwa mzima, toka ncha hadi ncha. Kigingi tu, kile cha kukazia uzi, ndicho kilichokuwa kimezungushwa nyuma.